Kitambaa cha Mama Kwenye Mkunazi

Wiki iliyopita mafundi wanaojenga kiwanja cha jirani yetu hapa Bawshar walichoma mizizi waliyoing'oa, na mizizi yenyewe bado ina udongo. Moshi ukaniingilia jikoni. Wajukuu wakaziba pua. "Bibi, kunanuka!" Mie nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikasimama tu. Harufu ile naijua. Si ya ubani, si ya udi, si ya mkaa. Ni harufu ya udongo unaoungua, na mara ya mwisho kuivuta nilikuwa mtoto wa sare ya buluu, nna skuli yangu na nna mahala pangu darasani. Mchuzi ukashika chini. Na ile ghadhabu niliyodhani imeshazeeka pamoja na mie, nikaikuta nzima, meno yote yamo.

Msinishangae kuitwa bibi na nywele bado nyeusi. Niliolewa kabla sijajua kufunga ushungi vizuri, na binti yangu naye hakukawia, ila yeye alisoma mpaka akatosheka, na shahada yake imetundikwa ukutani. Wajukuu wangu, mashaallah, wana akili kama wembe, na anayebisha aje nimwoneshe. Lakini leo sisemi habari zao. Nasema habari ya yule mtoto niliyekuwa mie, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu mzima hata mmoja wa nyumba yetu aliyemsemea.

Nyumba yetu mnaijua, nyie wa rika langu, hata kama hamkuingia. Zetu sisi tuliotoka Unguja tukahamia huku kwa Waarabu zilikuwa namna moja: ndani Kiswahili, mlangoni Kiarabu, redioni chochote kinachoshika. Baba alikuwa dereva wa wizara, akirudi kutoka Al Khuwair na kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, na siku nyengine analeta kasha la tungule kutoka soko la Mawaleh, nusu ya nyanya zenyewe zimeshapondeka njiani. Mama alikuwa akishona kofia za vitundu, zile unazozungushia uzi tundu moja moja mpaka macho yanatoka maji, na mkono wake ulikuwa ukijulikana mpaka Matrah. Juu yao wote alikaa Shangazi Zuwena, dada mkubwa wa baba, mjane, na binti yake Raya, ambaye mie na yeye tulikuwa sawa kwa umri na tukikaa dawati moja. Nyumba ilikuwa ya baba. Serikali ilikuwa ya Shangazi. Alikuwa na magoti mabaya yule mama: akiingia jikoni yanamuuma, akialikwa harusini yanapona.

Na mie nilipenda skuli. Nasema bila haya. Nilikuwa nawasomea watu wa nyumbani maandishi ya magunia ya mchele, ya makopo ya maziwa, ya vibandiko vya dawa, hata hawajaniomba. Raya akiandika imla, kila mstari alikuwa akichungulia kwangu, na mie nikimwachia aone, kwani si ndugu yangu? Nilitaka kuwa muuguzi. Si kwa huruma, nisiseme uongo. Nilikipenda kile kisaa wanachokibandika kifuani, kichwa chini miguu juu.

Kisaa hicho nilikiona kwa Bi Nora. Bi Nora alikuwa mzungu, mtu mzima, akikaa nyumba ya pembeni na mumewe aliyekuwa injinia wa barabara. Kabla ya kuja huku alikuwa muuguzi bara, Tanganyika huko, miaka na miaka, kwa hivyo Kiswahili anakijua, ila Kiswahili cha bara kitupu. Sisi tunasema "nnakuja", yeye "ni-na-ku-ja", kila kipande kimetiwa wanja. Mama alikuwa akimcheka mpaka sindano inamchoma. "Huyu akisema 'habari za asubuhi', adhuhuri inafika!" Lakini alimpenda, maana Bi Nora alikuja mwenyewe kuomba afundishwe kushona kofia, akakaa chini kwenye mkeka kama mtu, hakutafuta kiti. Mama akampa na chetezo cha udongo, zawadi. Mie nikawa mjumbe wa nyuzi na vitambaa baina yao.

Siku moja nnapeleka uzi, nikamkuta kakifukiza chetezo, na moshi wake ndio huu niliokwambieni. Ndani yake mna kibonge cheusi kama kinyesi cha ngamia kilichokauka.

"Bi Nora, umechoma nini?"

"Udongo wa kwetu, Ayalandi. Kwetu tunachimba udongo wa kinamasi, tunaukausha, tunapikia. Dada yangu amenitumia kipande, nimekumbuka nyumbani."

"Nyie mnapikia udongo?"

"Na nyinyi mnakunywa kahawa bila sukari," akasema. Tukawa sawa.

Kuanzia hapo kila nikenda ananitolea hadithi, vidole vyake vinahangaika na tundu za kofia. Akinambia habari za watu wa kale wa kwao, Wakelti. Hawakuwa taifa moja, alisema, walikuwa makabila makabila, wakijua dhahabu na chuma na ng'ombe, na kila mto una mwenyewe, kila kisima kina mwenyewe, kila kilima kina watu chini yake.

"Majini?" nikamuuliza.

"Sisi hatuwataji. Tunasema 'Watu Wema', wasije wakatusikia wakakasirika."

Nikaruka. "Na sisi! Tunasema 'wenyewe'. Shangazi hataki tuwataje Magharibi ikishaingia."

"Wanaiba watoto wachanga," akasema, "wanaacha wa kwao kitandani. Kwa hivyo mama anaweka koleo la chuma juu ya susu ya mtoto."

"Sisi kisu! Chini ya mto wa mtoto!"

Bi Nora akaweka sindano chini akanitazama. Tukawa kama watu wawili wanaolinganisha vidole. Yeye: kuna mti wa miiba, ukiota peke yake shambani haukatwi, hata njia inauzunguka, na mpaka leo wako wakulima wasomi wanaoogopa kuutia shoka. Mie: kwetu shamba kuna miti hivyo hivyo, mkataji anapinda mdomo. Yeye: kunguru vitani si kunguru, ni mwanamke wa mauti, anakuja kuchagua wake. Mie: kwetu kunguru akilia juu ya paa ni mgeni. "Hata kwetu ni mgeni," akasema, "ila mgeni huyo humkaribishi." Yeye: mavuno yakishaisha na baridi inaingia, mwaka unafunguka kama mlango, na katika ufa huo maiti wanarudi majumbani kwao. Watu wanawawekea chakula, wanajifunika nyuso wasitambulikane na wale wengine wasiotakiwa. Moto wa kila nyumba unazimwa, halafu unawashwa moto mmoja mlimani, na kila nyumba inachukua kutoka huo. Siku hizi, alisema, wamelifanya jambo la watoto na peremende. Hapo nikamshika mkono. Shangazi mwenyewe si alitusimulia Siku ya Mwaka kule kusini Unguja, moto wa zamani unazimwa na unawashwa mpya?

Alinambia pia habari za wanazuoni wao, waliowaita druidi. Hawakuandika kitu, si kwa kutojua kuandika, ila walisema neno la dini likiandikwa linakufa. Walihifadhi vifuani, na kijana alikaa miaka chungu nzima akisomeshwa kabla hajaitwa mwanazuoni. "Kama mahafidhi wa msahafu," nikasema. "Kama mahafidhi," akasema. "Lakini ndiyo sababu leo tunayajua mambo yao kwa kusimuliwa na maadui zao waliowapiga vita, na watawa waliokuja baadaye. Kwa hivyo, mwanangu, kila nnachokwambia, kitie chumvi." Mie neno hilo nimelishika mpaka leo. Mtu akisimuliwa na adui yake, lazima atoke na pembe.

Sasa mtoto ni mtoto. Mie nilivyoyaweka mambo yale kichwani, hapakuwa na Wakelti wala nini. Niliamini kabisa kwamba Bi Nora ni mtu wa kwetu. Nikajitungia kwamba zamani za zamani watu wa Pemba walipotea njia ya Hija, wakatokea Ayalandi, wakakaa, na baridi ya huko ikawachujua rangi. Vyengine ingewezekana vipi wajue mambo ya kisu na ya wenyewe? Nikamwambia. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia ya mama. Halafu akasema, taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata: "Mimi ni Mkristo, ninasali Jumapili. Lakini siwezi kumtupa bibi ya bibi yangu kwa sababu alizaliwa kabla habari haijamfikia."

Na ndipo aliponisimulia visima. Alikuwako Brijidi, mwanamke wa moto na wa tiba, Wakelti wakimwabudu. Ukristo ulipofika, watu hawakuweza kumwacha, basi wakasimulia Brijidi mwengine, mtu mwema wa dini, na visima vya yule vikawa vya huyu. Mkesha wa mwanzo wa majira ya kuchipua watu wanatandaza kitambaa nje, umande unakiangukia, na kitambaa hicho kinawekwa kwa ajili ya kichwa kinachouma na mwanamke anayejifungua. Na pembeni ya kisima kuna mti. Mwenye mgonjwa anachukua kitambaa kilichomgusa mgonjwa pale panapouma, anakichovya, anakifunga kwenye tawi. Kitambaa kikioza, maradhi yanakwenda nacho.

"Na wanapona?"

"Wengine," akasema Bi Nora. Alikuwa muuguzi, hakutaka kunidanganya. "Wengine wanapona na hospitali. Wengine wanapona kwa kujua kwamba kuna mtu amewaendea kisimani."

Mwezi ule ule mimba ya mama iliharibika. Wakampeleka hospitali, wakamtia damu, wakamrudisha na vidonge na amri ya kulala. Akawa analala kweli, uso umekuwa rangi ya chokaa, na leso imemkaza kichwa kwa maumivu. Nyumba ikaanza kunuka vyombo. Mie na Raya tukirudi skuli tunagawana, mie mchele, yeye fagio, na Shangazi mlangoni na magoti yake anatuelekeza.

Ijumaa moja tukenda chemchemi ya maji ya moto kule chini ya mlima, sisi watoto na Shangazi na wanawake wa jirani, na mabusati na birika za chai. Mie kabla ya kutoka nilikuwa nimeshaichukua ile leso ya mama, ya kichwani, nikampa nyengine safi. Nikachana kipande. Walipokuwa wanamimina chai nikashuka kwenye maji, nikakichovya, maji yananichoma vidole, nikaufuata mkunazi ulioinamia mfereji, nikakifunga kwenye tawi. Sikumwomba Brijidi. Sikumwomba mti. Nilisoma Alhamdu na Kulhuwallahu, kwa sababu ndizo sura nilizokuwa nazijua vizuri, na nikamwambia Mungu: hiki ni cha mama yangu, unamjua, mshona kofia. Basi. Huo ndio ukafiri wangu, mbele yenu wote.

Raya aliniona. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu kwa sauti yake ile ya kipenga: "Mbona umefunga leso ya mamako mtini?"

Vikombe vikasimama.

Tukarudi na Shangazi kaninyakua sikio, na saa ile ile baba akatolewa usingizini. Shangazi akakaa kwenye godoro la sebuleni, wanawake wa jirani pande zote, mie nimesimamishwa katikati na miguu ina matope ya mfereji. Mama chumba cha pili amelala, mlango uko wazi.

"Mtoto wako kashaingizwa dini ya mizimu," Shangazi akamwambia baba. "Kafunga kitambaa mtini kama kafiri. Nani kakufundisha?"

"Bi Nora kanihadithia. Ni hadithi za bibi zao wa zamani."

"Mnasikia? Mzungu!" Akapiga paja. "Nilisema mie. Mtoto wa kike akishajua kusoma vibandiko, mguu unakuwa mwepesi. Leo kwa mzungu, kesho wapi?"

Baba akasema, "Dada, mtoto amefanya kwa ajili ya mama yake."

"Shirki haina mama!"

Hapa nisikilizeni vizuri. Shangazi Zuwena huyu, kila mwezi akifunga mlango wa chumba chake akimfukizia ruhani wake, yule jini anayempanda, ubani, na sinia ya halua na mayai na marashi, na sisi tukila mabaki asubuhi. Shangazi huyu ndiye aliyetusimulia kwa mdomo wake, akichezesha miguu kwa furaha, kwamba alikaa miaka hazai, mpaka alipokwenda mzimuni kule shamba akafunga kitambaa cheupe na kuweka nadhiri, akampata Raya. Mie nilijua ni hadithi ya fahari. Nilidhani nikiikumbusha itanisaidia.

"Lakini Shangazi," nikasema, "si na wewe ulifunga, ukampata Raya?"

Mwanamke mmoja akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Kibao kilikuja sijakiona. Na maneno yaliyokuja na kibao ndiyo nnayoyasikia mpaka leo nikioga, nikipika, nikisali:

"Ile ilikuwa yetu!"

Hivyo. Ile ilikuwa yetu. Akifunga yeye ni mila, akifunga bibi yake Bi Nora ni mizimu. Sijapata kusoma kitabu juu ya watu wa kale, lakini somo lote la upagani nililipata kwenye shavu: mpagani siku zote ni yule wa upande wa pili.

Hukumu ikatoka hapo hapo. Kwa Bi Nora marufuku. Na skuli, khalas, mpaka mtoto arudi katika dini. Nikamtazama baba. Baba yangu alikuwa akiendesha magari ya wakubwa, akivuka mabonde yakiwa na maji, hakuna kilichomtisha. Akainama akashika ukingo wa busati, akaukunja, akaukunjua.

"Dada, wewe ndiye mkubwa," akasema.

Kutoka chumbani mama akaita jina langu. Mara moja tu, sauti imekatika. Hakuna aliyekwenda.

Kesho yake Bi Nora alikuja na mkate kautia kwenye kitambaa, hajui kitu, amekuja kumtazama mgonjwa. Shangazi akamsimamisha kizingitini. Mie nilikuwa nyuma ya pazia.

"Umemharibu mtoto wetu, wewe mama. Kwako haji tena, na skuli hendi tena."

"Bi Zuwena, nimemsimulia hadithi za wazee wangu. Sikumwambia aamini. Hata mimi siamini."

"Basi kawasimulie wanao."

"Sina," akasema Bi Nora. Halafu, na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake kilikwenda mbio: "Nifungieni mlango wangu, sawa. Msimfungie wa shule. Huyu ana kichwa. Nimefanya kazi na watoto maisha yangu yote, ninakijua kichwa nikikiona. Ninakuomba, mama."

Mzungu mtu mzima yule aliomba. Alisimama juani na mkate wake akaniombea mie, mtoto wa watu. Shangazi akamwambia, "Jua linakuchoma, nenda," akafunga. Haukupita muda mrefu mumewe akahamishwa, wakaondoka. Sikumuaga.

Na siku ya skuli ilipofika basi likapiga honi. Raya akatoka na mkoba, na sare yake kapigiwa pasi na mie. Nikapanda juu ya dari nikalitazama basi linakata kona. Nilidhani ni jambo la siku moja, la wiki moja. Nikakaa nimevaa soksi nyeupe ndani ya makubadhi ya jikoni, ili nikiitwa niwe tayari. Nani aniite? Nikapika, nikafua, nikamwogesha mama, nikamimina chai ya Shangazi. Jioni Raya akifungua vitabu nami najipitisha nyuma yake na fagio, nachungulia. Sasa mie ndiye nnayechungulia.

Mama alipona. Si kwa kitambaa wala si bila kitambaa, alipona, baridi ilipoingia alikuwa keshakaa na sindano yake. Nikamwambia baba: mama kapona, na dini nimerudi, nimehifadhi sura ya Yasin nzima. Akasema atazungumza na dada yake. Akazungumza. Jibu likawa nimeshakuwa mkubwa, nitakaa vipi na watoto wadogo darasani, watu watacheka. Halafu akaja mtu kuniposa.

Mie basi nikakubali kwamba niliadhibiwa kwa dhambi. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya kibao. Miaka yote ile, kila Ramadhani, kumi la mwisho, wenzangu wanaomba nyumba na watoto na Hija, mie nnaomba nisamehewe ule mkunazi. Nikisikia khatibu anasema shirki, najivuta ushungi usoni. Mume wangu, mtu mwema, sikumwambia, nikiogopa atajua kalala na nani. Nikipita karibu na chemchemi ile nafunga macho ndani ya gari. Nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, na ndani yangu mna mtoto amesimama katikati ya busati na matope miguuni, anasubiri aambiwe akae.

Mpaka siku moja, binti yangu wa kwanza keshaanza skuli, nikampeleka Mawaleh kumsalimia Shangazi. Wakati huo alikuwa akikaa kwa Raya. Raya keshakuwa afisa, anakwenda Al Khuwair kila asubuhi kwa gari yake mwenyewe, na nyumba yake ina ngazi mbili. Sina kinyongo na Raya; yeye alipelekwa akaenda. Raya alikuwa kazini, mfanyakazi wao kenda zake likizo. Shangazi yuko kwenye godoro, sinia ya halua mbele, mzima kuliko mie.

"Huyu anasoma?" akauliza, anamtazama mwanangu.

"Anasoma, Shangazi. Na atasoma."

"Vizuri. Mwanamke wa siku hizi bila kusoma si chochote."

Wallahi alisema hivyo. Na kidole chake kimo ndani ya halua.

Nikamwambia, "Na mie mbona ulinitoa?"

"Nimekutoa wapi?"

"Skuli, Shangazi. Kwa ajili ya kile kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Nilidhani ananichezea. "Leso ya mama. Niliyofunga kwenye mkunazi, chemchemini. Ukasema shirki. Ukamwamsha baba, wanawake wamekaa hapa na hapa, ukanipiga kibao."

Akatafuta. Haki ya Mungu namtendea, alitafuta kweli, nikamwona macho yanapanda juu yanazunguka kama mtu anayetafuta funguo. "Mzungu mmoja namkumbuka," akasema, "nguo zake zikinuka moshi. Lakini kitambaa, hicho sikijui." Akalamba kidole. "Wewe ulitoka skuli kwa sababu mama yako alikuwa kitandani, mwanangu. Nyumba ile na kazi zake, na mie na magoti haya. Nani angepika?"

"Raya alikuwepo."

"Raya?" Akanitazama kama nimemwambia ampandishe ng'ombe juu ya dari. "Raya alikuwa na mitihani."

Basi. Hapakuwa na dini mle. Hapakuwa na Wakelti wala Pemba, wala kisima, wala moto wa Jahannamu. Palikuwa na sufuria. Alitaka mikono miwili, akanitazama mie, akamtazama wake, akachagua, na upagani ulipita njiani akauokota kama mtu anavyookota kijiti cha kumchapia mbuzi. Alipokwishanichapa akakitupa, na wala hakukumbuka alikitupa wapi. Mie nilikibeba. Nilikibeba mpaka kwenye mswala. Baba alijua, mama alijua, bila shaka na wale wanawake wa vikombe walijua, na mtoto peke yake ndiye aliyeachiwa aamini kwamba Mungu kamkasirikia.

Nikasimama. Nikamshika mwanangu mkono. Shangazi alikuwa ameshamaliza kula, akaisukuma ile sinia kwa kifundo cha mkono, na vikombe vya kahawa juu yake, kama alivyoisukuma kwangu tangu nilipokuwa na miaka kumi na kitu.

"Hebu nipelekee hivi jikoni, mwanangu, uvisukutue kabisa. Unakwenda wapi? Na vyombo?"

"Mngoje Raya," nikamwambia. "Mitihani si keshamaliza?"